Mikorosho ya Issa

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefagia chini ya mikorosho mpaka mgongo umegoma. Upande wa juu bado. Majani makavu yasipoondolewa, korosho zikianguka hazionekani. Upepo ulikuwa mkali asubuhi, ukarudisha nusu ya nilichofagia. Hata hivyo maua ni mazuri mwaka huu. Salfa tuliyopuliza imefanya kazi.

Issa alikuja na pikipiki, madumu ya maji kila upande, na mkate. Ni mwanangu wa pekee. Huku juu Newala maji ni ya kununua, na yeye hununua bila kuombwa. Bati za nyumba hii ni zake. Tangu baba yake afariki hajaniacha nilale na kiu.

Aliomba kitambulisho changu. Anataka korosho za msimu huu ziuzwe chama cha msingi cha ushirika kwa jina langu, si lake. Kurahisisha mambo, alisema. Nikampa. Sikuuliza mambo gani. Mwalimu mstaafu mzima.


Jumatatu, 23 Septemba

Za kwanza zimeanguka. Niliokota hadi jua lilipoanza kuchoma. Mabibo yananuka shamba zima, nyuki kila mahali.

Shadya, mke wa Issa, alipanda kutoka mjini kunisaidia. Tumbo limeshakuwa kubwa. Nilimkataza kuinama, akakaa kwenye mkeka akitenganisha korosho na mabibo. Binti mpole. Ningeweza kumchukia ingekuwa nafuu.

Sijawaona wajukuu zangu, Salma na Twalib, tangu Idi. Wako Masasi na mama yao, Fatu. Issa alimpa Fatu talaka mwaka juzi, mahakama ikaagiza atoe matunzo ya watoto kila mwezi. Nilimuuliza mara moja tu. "Yanaenda, Mama." Nikaridhika.


Jumanne, 8 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianzie Ndanda. Nilikwenda hospitali kuonyesha macho. Mtoto wa jicho upande wa kushoto, bado mchanga. Wamenipa dawa ya matone na siku ya kurudi. Wakati wa kurudi nikashuka stendi ya Masasi kusubiri gari la Newala.

Nilimwona Salma stendi.

Ni siku ya shule. Mchana. Alikuwa na beseni la vipakiti vya korosho, anakimbilia madirisha ya basi la Dar pamoja na wanawake wazima, wanamsukuma kwa viwiko. Mjukuu wangu anauza korosho za watu.

Nilimwita. Aligeuka, akaniona, na jambo la kwanza alilofanya ni kuliweka beseni chini, nyuma ya miguu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na shule?"

"Nitaenda kesho."

Amekonda. Ana miaka kumi na mmoja na ameshajifunza kunidanganya kwa upole ili nisiumie. Nilimshika mikono. Vidole vimebanduka na kuwa vyeusi, kwa hiyo hauzi tu, anabangua pia. Mafuta ya ganda la korosho huchoma kama moto. Issa alipokuwa mdogo nilimkataza hata kuligusa.

Nilinunua vipakiti vyote. Upuuzi, maana mwenye mali angempa vingine. Nilitaka kufika kwao, lakini gari langu lilikuwa limeshajaa na dereva anapiga honi. Nikapanda. Njia nzima hadi juu mlimani nilikuwa na zile korosho mapajani. Sikula hata moja.


Jumatano, 9 Oktoba

Nimempigia Fatu. Amenieleza.

Issa alituma miezi miwili ya mwanzo. Basi. Baada ya hapo akiona namba ya Fatu anakata. Fatu anafua nguo za watu. Kaka yake Ahmadi amewapa chumba kimoja, naye ana wa kwake wengi. Sasa Fatu amerudi mahakamani kuomba hukumu itekelezwe, ameulizwa Issa ana mali gani, akataja mikorosho. Issa ameiambia mahakama kwamba hana mkorosho hata mmoja. Shamba ni la mama yake.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Wewe ni mama yake," alisema.

Leo sikwenda shamba.


Jumapili, 13 Oktoba

Issa alikuja. Nilisubiri anywe chai, nikamwambia nilichokiona stendi. Aliweka kikombe chini taratibu. Nilifikiri ataona aibu. Labda aliona. Lakini alichosema ni hiki:

"Mama, wale ni watoto wa kwao Fatu. Kwetu huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba wao yupo, alee."

Ni kweli kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama. Bibi yangu alinifundisha hivyo, nami nilimfundisha Issa hivyo hivyo, kwamba yeye ni wa kwetu. Lakini baba yake hakuwa wa kwetu, na Issa alipopatwa na degedege, baba yake ndiye aliyembeba begani kutoka hapa hadi hospitali mjini, mvua ikimnyeshea. Hakuuliza mtoto ni wa ukoo gani. Alishona viatu vya watu hadi vidole vikapinda ili Issa asome. Nilimwambia Issa hayo yote. Aliangalia mlango.

Kisha akaniambia nitaitwa mahakamani. "Sema tu shamba ni lako. Si ni lako kweli?"

Ardhi ni yangu, nimeirithi kwa mama. Mikorosho si yangu. Nilimpa Issa siku alipomuoa Fatu, mbele ya watu, shangazi zake wakapiga vigelegele. Ile michanga ya upande wa bondeni ameipanda Fatu kwa mikono yake, Salma akiwa mgongoni.

Sasa najua kitambulisho changu kilitakiwa kwa kazi gani. Mwanangu amenitumia. Naandika hivi ili nione kama maneno yatakubali kukaa kwenye karatasi. Yamekaa.


Ijumaa, 18 Oktoba

Mtendaji wa kijiji ameleta samansi. Alinipa kwa mikono miwili, kwa heshima, kana kwamba ananipa pole ya msiba. Shahidi.


Jumapili, 27 Oktoba

Kaka Saidi amekuja. Huyu ndiye mkubwa wetu na ndiye mjomba wa Issa, kwa hiyo nilijua hakuja kunywa maji. Nikampa shikamoo, nikamtandikia mkeka kivulini. Alianza na korosho, bei, mvua zilizochelewa. Halafu akafika.

"Somoe, mambo ya nyumbani hayapelekwi kwa hakimu."

"Fatu aliyapeleka nyumbani kwanza, kaka. Alikwenda kwako mwaka jana. Ulimwambia nini?"

Hakujibu hilo. Nilikisia tu kwamba Fatu alikwenda kwake, na kwa kunyamaza kwake nikajua nimekisia sawa.

Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio uliouma: "Una mtoto mmoja. Ukisimama mahakamani ukasema kinyume chake, nani atakuzika?"

Nilimsindikiza hadi njiani. Nilirudi nikaosha vikombe. Nimekuwa nikilifikiria swali lake tangu mchana. Ni swali la haki.


Jumatano, 30 Oktoba

Mnada umefanyika. Bei nzuri. Kijiji kizima kina furaha, vijana wameanza kunywa hata kabla ya malipo. Za Issa ziko ghalani kwa jina langu. Jirani kanipongeza. "Mama Issa, mwaka huu umepata!" Nikacheka naye.


Alhamisi, 7 Novemba

Mahakamani, Newala mjini. Nimekwenda bure. Issa hakutokea, ametuma karatasi ya kuumwa. Shauri limeahirishwa wiki moja.

Fatu alikuwa amepanda kutoka Masasi tangu jana, kalala kwa mtu mwingine. Zamani angelala kwangu bila kubisha hodi. Amekuja na Twalib. Tulikaa kwenye mabenchi mawili tofauti, yeye mdai, mimi mama wa mdaiwa. Aliniamkia kwa mbali. Twalib hana habari na mabenchi. Alikuja akajilaza mapajani kwangu, akalala hadi jina lilipoitwa. Ana kichwa kizito kama cha baba yake.

Fatu hakuwa na nauli ya kurudi wiki ijayo. Nimempa. Aliipokea akitazama pembeni.


Jumatatu, 11 Novemba

Issa amekuja alfajiri. Mchele, sukari, doti ya khanga. Si mgonjwa hata kidogo.

Alipiga magoti sakafuni. Anasema Shadya anakaribia, daktari amesema huenda akapasuliwa. Anasema amekopa kwa ajili ya salfa na vibarua. Anasema Fatu alimdhalilisha mbele ya watu na kila akimkumbuka damu inamchemka, hawezi kumpa kitu kwa mkono wake. Nilimuuliza Salma alimdhalilisha lini.

Alilia. Sijamwona akilia tangu tulipomzika baba yake. Nilimshika kichwa. Ningemwambia basi, nyamaza, nitasema unachotaka. Maneno yalifika mdomoni kabisa.

Khanga nimeipokea. Sijui kwa nini nimeipokea.


Alhamisi, 14 Novemba

Nimeapa kwa Msahafu. Hakimu ni mwanamke kijana, sauti ya chini, hana haraka. Aliniuliza kama naweza kusimama au niletewe kiti. Nikasema nitasimama. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote.

Fatu alikuwa mbele, kavaa baibui lililopauka. Issa alikuwa karibu nami kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa. Alikuwa amenyoa. Kwenye shingo ana kovu la tetekuwanga ambalo watu wengi hawalioni.

"Mama, korosho zilizopelekwa chama cha msingi kwa jina lako ni za nani?" hakimu aliuliza.

"Ardhi ni ya ukoo wangu," nilisema. "Mikorosho nilimpa Issa alipooa. Yeye ndiye anayehudumia, yeye ndiye anayeuza. Korosho ni zake. Jina tu ndilo langu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Sauti yangu ilitoka ile ya darasani. Ilinishangaza. Nilidhani itatetemeka.

Hakimu alimwambia Issa ana haki ya kuniuliza maswali, kama anayo. Issa alinitazama. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

"Sina swali kwa mama yangu," alisema.

Ni hapo nilipoomba kiti.

Amri imetoka leo leo. Chama kizuie malipo, malimbikizo ya watoto yatolewe kwanza, kinachobaki ndicho cha Issa. Na kila mwezi alipe kupitia mahakama. Akikaidi tena, jela. Hakimu alilitamka neno hilo bila kulipandisha wala kulishusha.

Nje, Fatu alisema, "Asante, Mama." Hakunikumbatia, sikutegemea anikumbatie. Issa alipita katikati yetu kana kwamba sote wawili ni nguzo.


Ijumaa, 15 Novemba

Nimekaa tu.


Jumanne, 19 Novemba

Maji yamekwisha. Nimemwita kijana wa mkokoteni, nimenunua mwenyewe. Amesema, "Mama Issa, leo bosi kasafiri?" Nikasema ndiyo.


Jumatano, 27 Novemba

Malipo yametoka. Fatu alipiga simu kuniarifu kwamba amepokea. Amelipa deni la dukani, amemnunulia Salma sare na viatu. Salma amerudi darasani siku zote tano. Beseni amelirudisha kwa mwenyewe.

Nilisema Alhamdulillah. Nilifikiri tumemaliza.

Fatu akasema, "Mama, naomba nikwambie kitu. Usinichukie."

"Sema, Mama Salma."

"Mwaka mzima hukuuliza. Ulikuwa unapiga, unaniuliza watoto wazima? Nasema wazima. Unafurahi. Hukuwahi kuuliza wanakula nini."

Nilimwambia ni kweli. Hakulia, wala mimi. Baadaye aliniuliza hali ya macho yangu. Nikamwambia naweka matone.

Nimeumia kuliko siku ya mahakamani. Kule nilikuwa upande wa haki.


Jumapili, 8 Desemba

Shadya amejifungua. Mtoto wa kiume. Kwa kisu, lakini wote wazima. Nimeambiwa na kijana wa mkokoteni wa maji. Jana. Mjukuu wangu ana siku kadhaa na majirani wameshamjua.

Nilipika uji wa ulezi, nikaufunga kwenye chupa ya chai, nikachukua bodaboda hadi hospitali. Issa alikuwa mlangoni mwa wodi. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

"Mama, rudi nyumbani."

"Nimeleta uji tu."

"Mama yake Shadya yuko ndani. Ameshaleta."

Nikampa chupa. Aliishika. Nilisubiri kidogo, labda aseme mtoto anaitwa nani. Nesi akapita na toroli, tukasogea kumpisha, na tulipokwisha kusogea alikuwa ameshanipa mgongo.

Nimerudi kwa miguu hadi njia panda. Sikutaka mwendesha bodaboda anione.


Jumatatu, 16 Desemba

Chupa imerudi. Imeoshwa. Aliyeileta ni mtoto wa jirani yao, hakuwa na ujumbe. Uji ulinywewa au ulimwagwa, sitajua.


Jumamosi, 21 Desemba

Salma amekuja kwa likizo. Fatu ndiye aliyempandisha gari Masasi, nami nikampokea mjini. Nilikuwa nimeogopa kumwomba. Alinipigia mwenyewe akasema, "Salma anakutaka."

Amenenepa kidogo. Vidole vimeanza kupona, ngozi mpya ni nyekundu. Amekuwa wa nne darasani, pamoja na siku zote zile alizokosa. Amenionyesha ripoti kisha akaificha haraka kwenye begi, kama ana woga itachukuliwa.

Jioni tulikuwa tunachambua mbaazi. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Bibi, zile pesa, baba alizituma mwenyewe?"

Nilijua swali hili litakuja. Nilikuwa nimeandaa jibu refu, juu ya sheria na wajibu. Nilipomtazama likapotea.

"Ni pesa za baba yako," nilisema.

"Lakini alizituma mwenyewe?"

"Hapana. Mahakama ilimwambia."

Aliendelea na mbaazi. Alitoa moja iliyotobolewa na mdudu, akaitupa kwa kuku.

"Mama alisema hivyo hivyo," alisema. "Nilidhani labda wewe unajua vingine."


Jumanne, 31 Desemba

Mvua imekuja kweli sasa. Tumepanda mahindi, Salma mashimo, mimi mbegu. Bati linapiga kelele, hatusikilizani. Karani wa mahakama alipiga, matunzo ya mwezi huu yamelipwa. Kwa wakati.

Nimempigia Issa kumshukuru. Iliita hadi ikakatika.


Jumatatu, 6 Januari

Tulikuwa tunatoka dukani na Salma. Chumvi, sabuni, daftari zake za kurudi nazo. Issa akaja kwa mbele na pikipiki, Shadya nyuma, mtoto kafungwa kifuani, wanatoka kliniki. Barabara ni nyembamba pale, na matope pande zote. Hakuna pa kugeukia.

Alipunguza mwendo. Nilidhani atapita. Alisimama.

"Shikamoo, baba," Salma alisema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Wakabaki hivyo. Miezi yote ile, na hawakuwa na neno la tatu. Shadya ndiye aliyeshuka. Alinipa shikamoo yangu, akafungua khanga, akamwita Salma aje amwone mdogo wake. Anaitwa Bakari. Wamempa jina la marehemu mume wangu. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Issa alizima pikipiki.

Salma alimbeba. Anajua kubeba mtoto, amemlea Twalib. Alimshika kichwa kwa kile kiganja chenye ngozi mpya. Issa alikitazama kile kiganja. Alikitazama, akatazama mikono yake mwenyewe kwenye usukani, akatazama tena. Hakuuliza. Mimi nilisimama na chumvi yangu. Hakunisalimia na sikumlazimisha.

Kisha mtoto akaanza kulia njaa, Shadya akampokea, wakaondoka.

Tulipofika nyumbani Salma alichemsha chai. Anasema Bakari anafanana na Twalib alipozaliwa, lakini Twalib alikuwa mweusi zaidi. Kesho anarudi Masasi. Nimemfungia mbaazi na unga wa muhogo. Sasa yuko nje anafua sare yake, ingawa ni safi, na anaimba kwa sauti ndogo. Mvua imekatika. Nimemwambia aianike mapema.